Siku Walipotupungia Mikono

Mtu wa kwanza kutupungia mkono alikuwa mwendesha baiskeli. Wa pili alikuwa mama mmoja aliyesimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Yeye alipunga mikono yote miwili mpaka mkoba ukamteleza begani. Mume wangu akampungia naye, kisha akapiga honi mara mbili, pii pii, kama alivyozoea.

"Unaona?" aliniambia. "Nilikwambia mimi. Hili gari watu wanalipenda hata hawajui kwa nini."

Na mimi nikapunga. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, barabara haina magari mengi, na nilikuwa nimekaa kwa mara ya kwanza ndani ya gari lililoishi nyumbani kwangu miaka sita. Gari la spoti la milango miwili, jekundu, la chini kiasi kwamba tukisimama kando ya lori tunatazamana na nati za matairi. Bodi yake ilikuwa ya faiba badala ya bati, na injini iko nyuma ya viti. Kioo cha nyuma kilikuwa kidogo kama kisahani cha chai, na ukitazama humo huoni chochote cha maana. Harufu ya petroli ilikuwepo, ndiyo, lakini gari lile lilinuka petroli tangu siku ya kwanza. Nguo za mume wangu zilinuka petroli. Mto wake wa kulalia ulinuka petroli.

Dereva mmoja wa lori alikuja upande wa pili, akatoa nusu ya mwili dirishani, akaonyesha nyuma yetu kwa kidole huku uso umemkunjamana kama mtu anayeumwa jino. Hapo ndipo mume wangu alipoacha kucheka. Akatazama kioo cha pembeni.

"Shuka," akasema, na gari lilikuwa bado linatembea.

Alisogea pembeni, akazima injini, akanifungulia mkanda kwa mkono wake mwenyewe. Nilishuka nikiwa na mkoba wangu na chupa ya maji. Nilitembea hatua kumi na kitu, nikageuka. Moshi ulikuwa unatoka kwenye matundu ya mfuniko wa injini, mweusi, wa kujikunja. Chini, kati ya matairi ya nyuma, kulikuwa na kitu cha rangi ya chungwa kinachodondoka tone baada ya tone, na kila tone likifika lami linaendelea kuwaka.

Mume wangu alichomoa mtungi wa kuzimia moto chini ya kiti chake. Sasa hapa inabidi nieleze jambo moja. Katika chama chao cha wenye magari ya zamani ya spoti, watu kama ishirini hivi, yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi. Kazi yake ya riziki ni upimaji wa ardhi, lakini huko chamani walimwita Mzee Mipira, kwa sababu hakuna mkutano aliomaliza bila kumuuliza mtu, "Mipira yako ya kupitishia mafuta ulibadilisha lini?" Aliwafundisha wote kwamba injini ikiwaka usifungue mfuniko wote. Fungua upenyo wa vidole viwili tu, ingiza mdomo wa mtungi, nyunyiza. Ukifungua wote umeualika upepo, na upepo ukishaingia huna lako tena.

Alifungua mfuniko wote. Aliunyanyua juu kabisa, kama mtu anayefunua kitanda cha mgonjwa.

Moto ulisimama urefu wake yeye. Alirudi nyuma, akaminya mtungi, unga mweupe ukatoka kwa sekunde saba au nane, kisha mtungi ukakohoa na kunyamaza. Faiba ikishika haina mjadala. Dakika tano baadaye kilichokuwa kinaonekana ni taa mbili za mbele tu na moshi. Watu walikusanyika. Tairi lilipopasuka walipiga kelele, la pili wakapiga kelele tena, la tatu wakacheka kidogo. Mtu mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mama, kaa chini, utaanguka." Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro. Sikuwa na dalili yoyote ya kuanguka. Nilikuwa natazama kiatu changu cha kushoto, bizimu la mkanda wake limefunguka, na nilikuwa nafikiri nilifunge sasa au nikifika nyumbani.

Gari la zimamoto lilikuja likamalizia. Mume wangu nyusi zilikuwa zimeungua, na mgongo wa mkono wake wa kulia umekuwa mwekundu kama uliopakwa rangi. Alikuja akakaa kando yangu. Nami nilimpa chupa ya maji, akainywa yote.

*

Watu wetu walikuja kutupa pole kama waliofiwa. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kulia. Ndiye aliyelipa gari lile jina la Bi Mdogo, siku lilipoletwa likiwa limebebwa juu ya gari jingine. Alinishika bega akasema, "Wifi, pole, kaka yangu amekuletea mke mwenza." Tulicheka sana. Na mimi nikaushika utani ule, nikawa nawaambia majirani kwamba afadhali huyu, hali chakula changu, anakunywa tu petroli, na akiumwa hanisumbui mimi.

Siku ile wifi hakutania. Alilia kwa sauti sebuleni, akajifuta, akanitazama.

"Wewe mbona macho makavu?" aliniuliza.

"Sijui, wifi."

"Lia, mwenzangu. Mngeungua nyinyi wawili!"

Nilijaribu. Nilienda chooni, nikafunga mlango, nikajitazama kwenye kioo nikisubiri. Hakikuja kitu. Nilinawa uso, nikarudi kugawa chai.

Mume wangu alikaa kiti cha pembeni, mkono umefungwa bandeji, akimwambia kila aliyeingia maneno yale yale, "Tumshukuru Mungu, ni chuma tu." Lakini lile gari halikuwa chuma tu, na kila mtu mle ndani alijua. Kwa miaka sita kila siku ya mapumziko alikuwa chini yake. Alilivua likabaki mifupa, akalivisha tena upya, nyaya, breki, viti, kila kitu. Binti yetu aliyeolewa mji mwingine akipiga simu alikuwa anauliza kwanza, "Bi Mdogo hajambo?" ndipo aniulize mimi.

Nilirudi kazini Jumatatu. Mimi ni fundi miwani. Nakaa nyuma ya duka, kwenye meza yenye taa inayopinda, nachonga lenzi na kuziingiza kwenye fremu, nakaza skurubu ambazo zikianguka chini unazitafuta kwa sumaku. Miaka ishirini na moja. Wenzangu walinipa pole, nikasema asante. Nilikaza bawaba ya miwani ya mteja wa kwanza, na vidole vyangu vilifanya kazi kama kawaida, vizuri tu, kama vya mtu mwingine niliyekuwa namtazama.

Kwa sababu nilikuwa najua. Tangu pale kwenye ukingo wa mtaro nilikuwa najua, nikakikalia kile nilichokijua kama mtu anavyokalia noti ya mwenzake iliyoanguka kwenye kiti cha basi.

Ilikuwa hivi. Ijumaa, siku moja kabla, nilirudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimevunja lenzi mbili za mteja mmoja, moja baada ya nyingine, na bosi alinisema mbele ya watu. Sijavua hata viatu, nikasikia kutoka banda la gari, "Mama watoto! Niazime vidole."

Alikuwa akiazima vidole vyangu mara kwa mara. Mkono wake ni mpana, na kwenye gari lile palikuwa na sehemu chini ya kabureta ambapo mkono wake uliingia hadi kifundo tu. Pale palikuwa na mpira mpya wa mafuta aliokuwa ameubadilisha, na klipu ya kuubana, ile ya mkanda wa chuma yenye skurubu ubavuni. Nilipiga magoti, nikaingiza mkono na bisibisi fupi, nikaanza kuzungusha bila kuona.

Skurubu ina namna mbili za kukaza. Ikibana kitu laini inazidi kuwa nzito pole pole, unasikia inakolea. Ikigonga kitu kigumu inasimama ghafla. Ile ilisimama ghafla. Ingekuwa miwani ningeifungua na kuanza upya, bila kufikiri, hata kama mteja anapiga meza. Lakini haikuwa miwani. Lilikuwa gari lake, na mgongo ulikuwa unaniuma, na nilikuwa nimekwisha kumwahidi kwamba kesho nitakwenda naye kwenye matembezi ya chama ili aache kunisihi.

"Imekaza?" aliniuliza.

"Tayari," nikasema.

*

Mabaki yalipelekwa kwenye uwanja wa fundi mmoja wanayemwita Msumari, mtu mwembamba mwenye kichwa bapa, ambaye magari ya chama chote yalipitia mikononi mwake. Chama kilikuwa na desturi: gari la mwanachama likiungua, linachunguzwa, ripoti inasomwa mbele ya wote ili wengine wajifunze. Mchunguzi alikuwa askari wa zimamoto mstaafu, mwanachama pia, na sote tulimwita Afande. Wiki mbili baada ya tukio akatuita.

Mume wangu aliniambia si lazima niende. Nikaenda.

Lilikuwa limewekwa nyuma ya banda, juu ya matofali, chini ya turubai. Msumari alipolivuta turubai nilidhani nitashtuka. Niliona tu kwamba limekuwa dogo. Faiba yote ya nyuma ilikuwa imeondoka, imebaki kama matambara ya nyuzi za kijivu yanayoning'inia. Viti vilibaki springi. Injini ilikuwa pale, lakini sehemu zake za aluminiamu zilikuwa zimeyeyuka, zikamwagika na kuganda chini kwenye chasisi kama nta ya mshumaa. Mbele, bamba la namba lilikuwa bado linasomeka.

Afande alikuwa na suruali kuukuu, miwani ya kusomea iliyofungwa kamba, na beseni jeupe. Hakuligusa gari kwanza. Alilizunguka mara tatu, mikono nyuma.

"Naanzia palipoungua kidogo," alimwambia mume wangu. "Nafuata kwenda palipoungua sana. Moto hauna siri, una uvivu tu wa kusema."

Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Wao wawili waliwahi kuchunguza magari ya wengine hivi hivi, bega kwa bega, na hata siku ile alikuwa amekuja na futi yake ya kupimia mfukoni. Alishika upande mmoja wa futi, Afande upande wa pili. Walisoma vipimo. Msumari aliandika. Ungewaona ungedhani wanapima kiwanja.

Kisha Afande akaanza kuchota majivu ya chini ya injini kwa brashi ya rangi, akayapitisha kwenye chekeche, akamwaga kilichobaki katika beseni jeupe. Nilisogea. Kulikuwa na skurubu za shaba za kabureta, nyaya, kipande cha kioo kilichoviringika kama gololi. Na kulikuwa na klipu mbili. Chuma chake hakiyeyuki kwa moto wa petroli. Zilikuwa nyeusi, lakini zima.

Alizishika moja moja kwa kibanio, akazipuliza.

"Hii ya upande wa pampu. Tazama duara lake. Imebana, mpira umeungua ndani yake ikabaki na umbo." Akaiweka chini. "Na hii ni ya kabureta."

Hakuhitaji kusema zaidi. Duara la pili lilikuwa pana. Hata mtu asiyejua tofauti ya gari na toroli angeona kwamba lile duara halikuwa limebana kitu.

"Mpira ulichomoka," Afande alisema. "Pampu ikawa inamwaga petroli juu ya ekzosi yenye moto. Dakika kumi za barabarani zinatosha." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, na kwa mara ya kwanza akawa hamtazami mume wangu machoni. "Ndugu yangu, hii klipu haikukazwa. Nani alifunga huu mpira?"

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwao. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua, kwa sababu iliniingia ladha ya majivu.

"Mimi," mume wangu alisema. "Nadhani niliiweka nikasahau kuikaza."

"Wewe?" Msumari aliuliza.

"Mimi. Andika."

Msumari akaandika. Nikafunga mdomo.

*

Ripoti ilisomwa mwisho wa mwezi, kwenye ukumbi mdogo wanaoukodi, viti vya plastiki na feni inayolia. Mume wangu aliomba aisome mwenyewe. Alisoma amesimama wima, kwa sauti ile ile anayosomea mipaka ya viwanja: chanzo cha moto ni klipu ya mpira wa mafuta upande wa kabureta, ambayo mwenye gari alisahau kuikaza. Akasoma pia kwamba mwenye gari alifungua mfuniko wote wa injini kinyume cha maelekezo aliyoyatoa yeye mwenyewe kwa wanachama.

Kisha mtu mmoja safu ya mbele akasema, si kwa ubaya, "Mzee Mipira? Kusahau klipu?" Na mwingine akacheka puani, akajikohoza haraka.

Mume wangu alikunja karatasi. Akatoa kwenye begi daftari la ukaguzi, lile aliloandikia mipira ya watu wote, tarehe na hali yake, akaliweka mezani mbele ya mwenyekiti. "Naomba apewe mwingine," alisema. Mwenyekiti akalisukuma lirudi. Yeye akalisukuma tena.

Mimi nilikuwa safu ya nyuma. Mke wa mwanachama mmoja aliniinamia akanong'ona, "Shemeji anaonekana kuumia sana." Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nahesabu mapanga ya feni, nayo yalikuwa matatu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilikuwa naanika nguo uani, yeye amekaa kwenye ngazi akitazama mkono wake uliokuwa umeanza kutoa ngozi mpya, ya waridi, laini kama ya kitu kilichozaliwa jana. Nilianika mashati mawili. Shati la tatu likiwa mkononi, nikasema, "Baba watoto, ile klipu niliikaza mimi."

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Mkono wangu hauingii pale. Kila anayelijua gari lile anajua mkono wangu hauingii pale. Afande naye anajua, yule si mjinga."

"Basi kwa nini ulisema wewe?"

"Kwa sababu kukagua ni kazi yangu. Mtu akiniambia tayari, mimi naushika mpira nauvuta. Huwa navuta, hata Msumari mwenyewe akifunga navuta. Siku ile niliona umechoka. Nikasema nikivuta mbele yako utaona sikuamini." Akaugeuza mkono juani. "Sikuvuta. Kwa hiyo ni mimi."

Hapo ningeweza kunyamaza. Alikuwa amenipa mahali pa kukaa, pazuri tu, pa kivuli. Nilitundika lile shati nikalibana na vibanio viwili.

"Nilihisi," nikasema. "Skurubu ilisimama ghafla. Ilikuwa imegonga kitu kigumu, haikuwa imebana mpira. Nilihisi vile vile kama ninavyohisi kazini, nikasema tayari."

Hakunitazama. Alikaa pale kama dakika moja, kisha akainuka, akaenda kwenye banda la gari, akafungua mlango, akaingia. Mle ndani hamkuwa na kitu zaidi ya doa la mafuta sakafuni na rafu za vifaa. Alikaa humo mpaka saa saba mchana. Nilimaliza kuanika, nikapika, nikakifunika chakula chake. Nilisubiri nisikie uchungu, au hofu, au hata nafuu ya mtu aliyetua mzigo. Nilisikia tu redio ya jirani.

Kwa siku nne tuliongea ya lazima. Maji yamekatika. Binti kapiga simu. Ufunguo uko wapi. Hakunifokea hata mara moja, na ningependa angefoka. Usiku alilala chali, mikono juu ya kifua, na asubuhi alikuwa katika mkao ule ule.

Alhamisi nilirudi kutoka kazini nikamkuta mezani sebuleni. Mbele yake kulikuwa na jiriwa ndogo iliyobana kipande cha bomba, na juu ya bomba amevisha mpira wa mafuta, na juu ya mpira klipu mpya. Kando ya klipu alikuwa amekunja bati na kulisimamisha, mfano wa kishikio cha aluminiamu kilichokuwa kando ya kabureta, ambacho kiliyeyuka na hatukukiona tena.

"Kaa," aliniambia. Akanipa bisibisi fupi. "Nionyeshe ilivyokuwa."

Nilivua saa. Nilifumba macho, kwa sababu siku ile sikuwa naona, nikazungusha. Skurubu ikakolea, laini, laini.

"Siyo hivi," nikasema. "Izungushe klipu kidogo kuja kwangu."

Akaizungusha. Nikajaribu. "Bado. Kidogo tena."

Mara ya tano ikasimama ghafla. Nilifumbua macho. Ncha ya skurubu ilikuwa imegonga lile bati, imetulia pale kama imekaza, na mpira chini yake ulikuwa unacheza. Mume wangu aliushika kwa vidole viwili akauvuta. Ukatoka bila kelele.

Tuliutazama.

"Kwa hiyo mtu hawezi kujua," alisema pole pole. "Mtu wa kawaida ataona imekaza. Ataona amefanya kazi nzuri." Akachukua futi akapima nafasi kati ya klipu na bati, akaandika. Akapima tena kwa pembe nyingine. "Kuna wenzetu wanne wenye gari la aina hii. Wote tumewaambia wasisahau kukaza. Hakuna aliyesahau."

Alivuta karatasi safi. Aliandika kwa muda mrefu, herufi zake ndogo za mpima ardhi, na mchoro pembeni. Nilikaa pale pale. Alipofika katikati ya ukurasa wa pili alisimamisha kalamu.

"Nimeandika mke wangu ndiye aliyekaza, na mimi sikukagua. Hilo ni lazima, bila hilo mchoro hauna maana." Akasafisha koo. "Ile nyingine, kwamba ulihisi. Niiandike?"

Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu Jumapili.

"Andika," nikasema.

Akaandika. Alinisomea: aliyekaza alihisi skurubu imesimama ghafla, jambo ambalo ni dalili, na hakusema. Akanisukumia karatasi, tukatia sahihi, yangu chini ya yake.

Afande aliipokea bila swali. Aliipiga nakala akawapelekea wale wanne kwa mkono wake, nyumba kwa nyumba, hakungoja mkutano. Siku mbili baadaye simu ya mume wangu iliita wakati tunakula mchana. Alikuwa ni yule yule aliyekuwa amecheka puani ukumbini. Mume wangu aliweka sauti ya nje.

"Mzee Mipira, shemeji yupo hapo? Mwambie nimeingiza mkono, nimeukuta umekaza vizuri kabisa. Nikasema ngoja nivute kama mlivyoandika. Umebaki mkononi mwangu, mzee. Kesho nilikuwa nawapeleka wanangu kwa mama yao mkubwa na gari hilo hilo." Tukasikia anaweka bisibisi chini. "Basi. Nilitaka mjue tu."

"Tumesikia," mume wangu alisema. "Usiliwashe. Nakuja."

Alikata simu, akanawa mkono, akasimama kutafuta funguo zake. Akazipata. Halafu akakaa tena chini, akafunika uso kwa mkono ule wenye ngozi mpya, akalia. Alilia kwa mabega, kama wanavyolia watu wasio na mazoezi. Nilizunguka meza nikasimama nyuma yake, nikaweka viganja mgongoni mwake, nikavihisi vinapanda na kushuka. Mimi sikulia. Nilimshikilia tu mpaka akamaliza, nikamletea maji, akaenda.

Machozi yangu yalikuja baadaye, mwezi uliofuata, siku ya kazi, nikiwa kwenye foleni ya posta. Mbele yangu kulikuwa na mzee aliyekuwa anashindwa kufunga kifurushi, na karani alimwambia tu, "Pole pole, baba, hakuna haraka." Yakaanza kunitoka. Watu wa nyuma waliniuliza kuna nini. Nilisogea foleni iliposogea, machozi yananichuruzika hadi kidevuni, nikafika dirishani nikanunua stempu zangu.